Daftari la Pampu na Fundi Asiyetazamwa

Ngonga, Kyela
Masika, matope mpaka magotini

Kwako dada yangu Salome,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kitandani na miguu nimeinyanyua, maana chini kuna maji. Wewe hujambo? Goti lako la kushoto limekubali kukunja, au bado unalifanya kisingizio cha kutokwenda kwenye jumuiya? Mbuzi wangu wale watatu usiniambie wamekufa, niambie wamesafiri. Mimi mzima. Mwanangu Neema naye mzima, kila siku anazalisha wake za watu pale zahanati na mimi mwenyewe hajaniletea mjukuu, lakini hilo tulishalizungumza na amenikataza kulirudia.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unapiga kelele "nani?" mpaka salio linaisha na bado hujajua kama ni mimi. Najua barua hii atakusomea mama mchungaji. Shikamoo, mama mchungaji. Naomba usome yote kama nilivyoyaandika, hata pale nitakapokosa adabu. Ukifika hapo kohoa kidogo, halafu uendelee.

Lile swali lako, kwamba eti nimepata mwanamke huku ndiyo maana sirudi, nitalijibu mwishoni. Jibu lake limetoka mbali, limepitia kwenye pampu ya maji.

Dada, sisi tumekua tukichimba mchanga wa mtoni kwa mikono ili tupate kikombe cha maji. Huku mvua inanyesha mpaka vyura wanatafuta pa kujikinga. Mpunga umesimama ndani ya maji, kokoa watu wanaianika na kuianua kabla chai haijapoa. Na kazi niliyopewa mimi, mtu wa Iramba, ni kuhesabu saa ambazo maji yamekosekana. Nilicheka sana. Neema akaniambia, "Baba, haya ya kwenye majaruba yamepita kwenye vyoo vya watu wote kabla ya kufika hapa. Ya kunywa ni ya kisima." Nikaacha kucheka.

Kisima chenyewe ni kirefu, kina pampu ya sola na tangi juu ya mnara, na maji yake yanakwenda zahanati, shuleni na kwenye mabomba ya mtaani. Kinasimamiwa na jumuiya ya watumia maji. Mwenyekiti ni Mwalimu Lusajo, mstaafu, mtu ambaye hata akikusalimu unahisi amekupa alama. Jumuiya imeingia mkataba na karakana moja ndogo ya mjini Kyela, waitengeneze pampu kila inapoharibika. Huo mkataba nimeusoma mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza nililala. Unasema hivi: pampu ikizima, fundi afike ndani ya saa ishirini na nne, na maji yarudi ndani ya saa arobaini na nane. Kila kitu kiandikwe kwenye daftari: pampu imezima saa ngapi, fundi ameitwa saa ngapi, msimamizi amemwona saa ngapi, maji yamerudi saa ngapi. Kisha fundi na msimamizi watie sahihi wakiwa pamoja. Fundi akikosa mara tatu katika msimu mmoja, mkataba unavunjwa.

Basi wakatafuta mtu wa kulisoma daftari hilo mbele ya mkutano kila mwisho wa mwezi. Kila aliyetajwa, mwingine alisimama: huyo ni shemeji yake fulani, huyo binti yake ameolewa kwa fulani. Wakamaliza kijiji. Akabaki babu mmoja kwenye kona, amekuja kukaa kwa mwanawe, hana hata mbwa anayemfahamu.

"Huyu Mzee Yona hana ndugu hapa," alisema Mwalimu. "Hatampendelea mtu."

Wakapiga makofi. Katika maisha yangu sikuwahi kupigiwa makofi kwa kukosa ndugu.

Msimamizi wa pampu ni Mzee Asangwisye, ndiye aliyetoa kiwanja cha kisima. Ni rika langu, ila ana meno mengi kuliko mimi na anapenda kuyaonyesha. Kila asubuhi nakwenda kukaa naye kwenye benchi, mlangoni pa kibanda cha pampu. Namwamkia kwa lugha yao, "Mugonile," naye ananijibu, "Ee, mtu wa mlenda, leo umepatia." Mimi namwita mtu wa ndizi. Hapo siku yetu imeanza.

Pampu ilizima mara ya kwanza panya walipotafuna waya. Siku hiyo nilikuwa nimelala na malaria. Ikazima mara ya pili boya la kwenye tangi lilipokwama, na mimi nilikuwa nimekwenda Matema kula samaki na kulitazama ziwa lililokaa chini ya milima kama mtu aliyeambiwa asisogee. Mara zote mbili nikarudi nikakuta maji yanatoka. Lakini kwenye daftari, pale msimamizi anapotakiwa kuandika amemwona fundi saa ngapi, Asangwisye alikuwa ameandika: Sikumwona. Mara ya pili pia: Sikumwona. Sahihi hakuna, si yake wala ya fundi.

Siku ya mkutano nikasimama na kusoma kwa sauti ya kanisani. Sikumwona. Sikumwona. Asangwisye mwenyewe hakuwepo, alikuwa msibani. Mtu mmoja akasema mbona maji yalirudi, Mwalimu akamjibu kwamba maji kurudi ni jambo moja na fundi kufika ni jingine, huenda msimamizi alihangaika peke yake. Ikaandikwa barua ya onyo: fundi akikosa mara moja tena, mkataba basi, tunachukua kampuni kubwa ya mjini Mbeya. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Nilijiona mtu mkali.

Kitu kimoja sikukisoma, dada. Ile safu ya mwisho, ya maji yamerudi saa ngapi, imebanwa kwenye mshono wa daftari, na miwani yangu unaijua, ni ile ya marehemu wifi yako. Niliona nimeshasoma ya kutosha.

Barua ya onyo nikapewa mimi niipeleke. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, nimemkumbatia dereva kama bibi harusi. Karakana yenyewe ni mlango mmoja, kati ya muuza mchele na fundi cherehani. Nikakuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa ovaroli, bisibisi ameichomeka kwenye nywele.

"Namtafuta fundi," nikasema.

"Umempata."

"Fundi wa pampu ya Ngonga."

"Mzee, mimi ndiye Atupele. Karibu kiti."

Nikakaa. Akaisoma ile barua akiwa amesimama. Akairudia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nani kaandika kwamba hakuniona?"

"Msimamizi. Mzee Asangwisye."

Akashusha macho. Akachukua kitenge kilichokuwa kwenye msumari ukutani, akajifunika kichwa. Nikageuka nione nani kaingia. Hakuna mtu.

"Vipi, unamwogopa?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, hilo jina mimi silitaji. Hata kulisikia hivi najisikia vibaya."

"Kakufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu. Ni baba mkwe wangu."

Sasa nikueleze, maana na mimi nilihitaji kuelezwa. Huku, kwa watu wanaoshika desturi, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima, wenyewe wanaiita kutila. Wakikutana njiani mwanamke anaingia kwenye majani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Jina lake hataji, hata kama anampenda kuliko baba aliyemzaa. Vijana wengi wameiacha, ila nyumba ya Asangwisye haijaiacha. Wewe na marehemu mama mkwe wako mngekuwa na desturi hii, ile sufuria isingeruka. Mama mchungaji, kohoa.

Atupele amezaliwa kwenye kijiji cha wafinyanzi, ng'ambo ya Matema. Mumewe ni mtoto wa Asangwisye lakini wanaishi Njisi, anashughulika na malori ya mpakani. Ndiyo maana Mwalimu hakujua. Yeye alilijua jina la karakana tu. Wachache waliojua walinyamaza, kwa sababu habari za mkwe hazisemwi mkutanoni.

"Kwa hiyo ulifika?" nikamuuliza.

"Mara zote mbili, siku ile ile. Nasimama kwenye migomba, namtuma mama wa jirani akakohoe karibu na kibanda. Mzee anaelewa. Anachukua fimbo yake anaondoka kwa upande wa kokoa. Mimi naingia, natengeneza, naondoka. Daftari linataka tusaini pamoja. Nitasaini na nani?"

"Mbona hukuiambia jumuiya?"

"Niende mbele ya watu nikamshtaki baba mkwe kwamba ameniheshimu?"

Akaikunja barua vizuri sana, kama kitu atakachokitunza.

"Huu ndio mkataba wangu wa kwanza," akasema. "Nilipoupata mafundi wenzangu wa mjini walicheka, wakasema mwanamke atapandaje mnara. Nimepanda. Nikinyang'anywa kwa kuambiwa sikufika, mzee, nani mwingine atanipa kazi?"

Nilirudi Ngonga nikiwa mdogo kuliko nilivyokwenda. Nikamkuta Asangwisye kwenye benchi, anakula ndizi ya kuchoma.

"Wewe mtu wa ndizi, uliandika uongo," nikamwambia.

"Niliandika kweli. Nimeulizwa nimemwona saa ngapi. Sikumwona."

"Lakini alikuja."

"Alikuja, sana. Na wewe unataka niandike kwamba nimemtazama mke wa mwanangu akiwa juu ya mnara na suruali? Nikishaandika hivyo nitakaa wapi kijiji hiki?"

"Wanamvunjia mkataba kwa hilo neno lako."

Akaacha kutafuna. Kumbe hakuna aliyemwambia. Alirudi kutoka msibani akadhani mkutano ulikuwa wa kawaida tu. Ile ndizi akaiweka kwenye benchi, hakuimaliza.

"Mimi nilijua maji yenyewe yatasema," akasema. Kisha akaongeza, "Yule binti hana kosa. Ila siwezi kumtazama, Yona. Na yeye hataki nimtazame."

Wiki iliyofuata, Alhamisi, mvua ya alfajiri ilikuja na radi, radi ikapiga kwenye kibanda. Mwenyewe nikaandika: imezima saa moja asubuhi. Fundi ameitwa saa moja na nusu. Neema akatuma ujumbe kwamba wana wanawake wawili wenye uchungu wa kuzaa na ndoo tatu tu za maji. Saa nne Mwalimu akapita akauliza, "Fundi kafika?" Nikasema bado. Akatazama saa yake na kuondoka. Barabara ilikuwa imezama, bodaboda hazipiti. Nikaanza kuomba, mimi, ambaye unajua nikienda kanisani napenda kukaa karibu na mlango.

Saa sita mchana tukasikia mama wa jirani anakohoa. Asangwisye akanyoosha mkono kuchukua fimbo. Nikaiwahi.

"Leo huendi."

"Niachie fimbo, mtu wa mlenda."

"Mkataba unasema pamoja. Ukiondoka nitaandika kwamba msimamizi ametoroka. Nenda ukae nyuma ya kibanda."

"Kwenye mvua?"

"Kwani wewe mbegu, ukinyeshewa utaota?"

Akanitukana kwa Kinyakyusa, sikuelewa ila nilikubali. Akaenda nyuma, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jani la mgomba kichwani. Kati yake na mlango zikabaki kuta mbili za bati. Nikampungia Atupele aingie. Amefika amebeba viatu mkononi, matope mpaka mapajani, begi la vifaa amelibeba kichwani. Nikatazama saa, nikaandika kwa mkono wangu: Mimi Yona nimemwona fundi, saa sita na dakika kumi.

Akafungua kisanduku cha umeme kilicho kibandani. Kilikuwa kimeungua, kinanuka. Alikuja na kingine, akakifunga. Akawasha, kimya. Akapima na kakifaa kake, akasema waya uliofukiwa ardhini umeungua pia, na hajui umepita wapi. Kuchimba shamba lote ni siku mbili, na siku mbili ndizo zote za mkataba.

"Mzee Yona," akaniambia kwa sauti ya chini, "naomba umuulize aliyekuwepo siku waliyofukia."

"Nimesikia," ikatoka sauti nyuma ya bati. "Mwambie fundi..."

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mmetengwa na bati tu."

"Yona."

Alivyolitaja jina langu, nikajua hapo utani umekwisha. Basi nikawa mjumbe. Nilikizunguka kile kibanda kuliko mbuzi aliyefungwa kamba.

"Anasema umepita chini ya mgomba wa tatu."

"Muulize, wa tatu kutoka upande gani?"

"Upande wa barabara. Ila mwambie wa pili ulikatwa mwaka jana, alitafute shina lake kabla ya kuhesabu."

"Muulize, kina gani?"

"Mpaka kwenye goti langu. Mwambie asitumie jembe pale karibu na bomba, atumie mikono."

"Mwambie nimeelewa. Mwambie mvua imezidi, asogee ndani ya upenu."

Hapo nilisimama kwenye kona nikapumua. Yeye ndiye aliyekuwa amelowa mpaka mifupa, na anamwonea huruma mzee mwenye jani kichwani. Nikampelekea. Asangwisye akasogeza ndoo yake chini ya upenu.

Tukiwa hivyo Mwalimu akaja na mwavuli, na saa yake.

"Msimamizi yuko wapi?"

"Yupo," nikasema.

"Na fundi?"

"Yupo."

"Mbona siwaoni pamoja?"

"Wako pamoja, Mwalimu. Wewe ndiye umesimama upande mmoja."

Akazunguka nyuma, akamwona Asangwisye juu ya ndoo. Akarudi mbele, akamwona yule mwanamke amepiga magoti kwenye shimo, kitenge amekivuta mpaka usoni na mgongo ameupa kibanda. Mwalimu ni mtu wa vitabu, lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto wa mtu wa huku. Akafunga mwavuli wake. Akasimama kwenye mvua kama sisi.

"Mkwe?" akaniuliza taratibu.

"Mkwe."

"Na zile mara mbili?"

Nikampa daftari. Yeye macho yake mazima. Akaufungua mshono kwa kidole gumba, akasoma ile safu niliyoiruka. Maji yamerudi, siku ile ile, saa tisa. Maji yamerudi, siku ile ile, saa kumi na moja. Mwandiko wa Asangwisye, umetulia, kila herufi imesimama. Alikuwa akikaa kule kwenye kokoa anasikiliza mpaka tangi lianze kupokea, halafu anarudi kuandika. Neno moja lilimharibia mkwe wake na mstari mmoja ulimtetea, na mimi nikasoma lile neno.

Saa kumi maji yakaanza kupanda. Unayasikia kwanza kwenye bomba, kama mtu anayesafisha koo, kisha yanaangukia kwenye tangi. Atupele akafuta mikono, akatia sahihi. Nikalizungusha daftari nyuma. Asangwisye akaisogeza ile sahihi karibu na macho, akaitazama muda mrefu, maji yanamdondokea kutoka kwenye jani.

"Anaandika vizuri," akasema. Akatia yake pembeni. "Mwambie ndaga."

Ndaga ni asante, dada. Nikamwambia, "Hilo silipeleki, masikio anayo."

Halafu kutoka upande wa pili tukasikia, kwa sauti ndogo kabisa, "Ndaga, tata." Asante, baba. Nikakumbuka kwamba nina shughuli kwenye mnara, nikaenda kuutazama.

Mwisho wa mwezi nilisimama mkutanoni, nikasema mimi ndiye niliyesoma nusu, na nusu yangu ilitaka kumla mtu. Nikasoma yote. Barua ya onyo ikafutwa. Mwalimu akapendekeza mkataba urekebishwe: pale ambapo fundi na msimamizi wana ukwe, ashuhudie mtu mwingine asiye na ukwe na upande wowote. Wakatazamana. Huyu shemeji yake, yule binti yake kaolewa kwao. Kisha vichwa vyote vikageukia kwenye kona yangu. Wakapiga makofi tena.

Sasa jibu lako. Yupo mama mmoja mjane, muuza wali hapa kijijini, ambaye kila nikienda kwake ananiongezea samaki na kuniuliza kama nalala vizuri. Nalala vizuri. Lakini nikioa hapa, dada, kesho yake nina wakwe kijiji kizima, na daftari linakosa mtu. Mkataba wa pampu umenifunga kuliko kiapo cha kanisani. Mama mchungaji, hapo usikohoe, ni kweli tupu.

Mavuno ya mtama nitakuja, kama nilivyokuahidi, ila kwa wiki mbili tu. Nimeomba ruhusa kwa maandishi na Mwalimu amenisahihishia barua kwa kalamu nyekundu. Nitakuja na chungu alichokufinyangia mama yake Atupele, na mchele wa Asangwisye, ule unaonukia mpaka majirani wanakuja kuazima chumvi. Chungu kipikie mlenda, kitazoea.

Nisalimie kaka yetu mkubwa, mwambie bado ana deni la kunitembelea. Msalimie mjomba anayechunga mbuzi wangu wasafiri, shangazi wa kwaya, na wifi mdogo anayesema mimi ni mzururaji. Mama mchungaji, ahsante kwa koo lako.

Nilikuwa nafunga bahasha, lakini jana kuna jambo lilitokea. Atupele alikuja kukagua pampu, kazi ya kawaida tu, hakuna kilichoharibika. Mama wa jirani hakuwahi hata kukohoa. Asangwisye alisikia pikipiki kwa mbali, akachukua fimbo yake, na kabla ya kuondoka akaweka kwenye benchi ndizi mbili za kuchoma na kikombe cha maji ya kisima, akakifunika kwa sahani. Atupele akala, akanywa. Akakiosha kile kikombe, akakirudisha pale pale, amekifunika vile vile, na kando yake akaacha miwani mipya ya kusomea, maana nilimwambia mzee anasoma daftari likiwa puani. Asangwisye aliporudi aliivaa, akalifungua daftari, akaitazama ile sahihi tena.

Daftarini hakuna safu ya kuandika hayo. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Ni mimi mdogo wako unayemtukana kwa upendo,
Yona